Kikombe Kinachooza, Kinaozea Wapi?

Desemba, mvua za kwanza zilipoanza kulainisha udongo, nilichimba shimo nyuma ya nyumba yetu hapa Chuno, Mtwara, chini ya mkorosho pekee uliobaki kiwanjani, nikafukia vikombe viwili vya kahawa. Vyote vilikuwa vya karatasi, vile vya kunywea mara moja na kutupa. Kimoja ni cha kawaida, kinachouzwa madukani kwa pakiti. Cha pili aliniletea ndugu yangu kutoka Dar es Salaam: kimechorwa jani la kijani ubavuni na kuandikwa kwa Kiingereza kwamba kimetokana na mimea na kinageuka mboji. Hicho cha jani nikakikata pembe ndogo kwa mkasi ili nisikisahau. Juu yake nikamwaga maganda ya ndizi, majani makavu, mabibo yaliyoanguka na kuanza kuchacha, kisha udongo. Nikaweka jiwe.

Mwezi Mei, mvua zilipokatika, nikafukua. Maganda ya ndizi hayakuwepo tena, wala mabibo. Karatasi za vikombe vyote viwili zilikuwa zimeliwa, zimebaki vipande vyeusi vilivyovunjikia vidoleni kama majani ya chai yaliyokamuliwa. Lakini ndani ya udongo ule mweusi mlikuwa na vikombe vingine viwili, vyembamba kama ngozi ya kitunguu, vinapitisha mwanga, na mstari wa mshono bado unaonekana ubavuni. Ulikuwa ule utando wa ndani. Nikauosha kwenye ndoo, nikauanika kwenye kamba ya nguo pamoja na mwenzake. Kwa macho sikuweza kujua upi ni wa plastiki ya kawaida na upi ni wa mimea. Ilinibidi nitafute ile alama ya mkasi.

Sikudanganywa. Maandishi ya kile kikombe ni ya kweli, na hilo ndilo linalofanya jambo hili lihitaji kuelezwa polepole. Kikombe kimetokana na mimea kweli, na kugeuka mboji kinageuka kweli. Kilichokosekana ni mahali pa kugeukia.

Kwanza tujue utando ule unafanya nini. Karatasi hunywa maji. Ukimimina kahawa ya moto kwenye kikombe cha karatasi tupu, kitalegea mkononi hujamaliza hata kusalimiana na mwenzako. Kwa hiyo kiwandani karatasi hupakwa tabaka jembamba la plastiki kwa ndani, likiwa limeyeyushwa, linagandamana nayo. Katika kikombe cha kawaida tabaka hilo ni kama asilimia 5 ya uzito wote. Chukua kikombe chenye uzito wa gramu 10: gramu 9 na nusu ni karatasi, nusu gramu ni plastiki. Ukitaka kuiona, loweka kikombe usiku kucha kwenye maji, asubuhi anza kumenya kuanzia ukingoni. Karatasi itatoka kama maganda ya muhogo uliovundikwa, na utando utabaki mkononi mwako mzima.

Plastiki hiyo kwa kawaida ni polithini, ndugu wa mfuko laini tuliouita rambo. Polithini hutengenezwa kwa ethilini, na ethilini hupatikana kwa kuvunja bidhaa za mafuta ghafi au ethani iliyomo katika baadhi ya gesi asilia. (Kwa kuwa sisi ni watu wa gesi, niseme hili pembeni: gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, kwa hiyo inafaa zaidi kufua umeme na kupikia kuliko kutengenezea plastiki ya namna hii.)

Nusu gramu ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayoharibu mambo. Kwa sababu yake kikombe si karatasi safi ya kupeleka kwenye kiwanda cha karatasi, wala si plastiki safi ya kupeleka kwenye kiwanda cha plastiki. Uingereza, nchi yenye magari ya taka na viwanda vya kurejeleza, kamati ya bunge iliyochunguza suala hili ilieleza mwaka 2018 kwamba vikombe vya kahawa bilioni 2.5 hutupwa kila mwaka, na vinavyorejelezwa havifiki hata kimoja katika 400. Watafiti wa chuo cha teknolojia cha IIT Kharagpur, India, nao walimimina maji ya nyuzijoto 85 hadi 90 ndani ya vikombe vya karatasi, wakayaacha dakika 15, kisha wakahesabu vipande vya plastiki visivyoonekana kwa macho vilivyomo. Walikuta takriban 25,000 katika kila mililita 100. Vikombe vyao vilikuwa na utando kama huu huu wa kwetu.

Ndiyo maana watu wakaanza kutafuta utando mwingine.

Maneno matatu yanayochanganywa

Sokoni utasikia "cha mimea", "kinaoza" na "kinageuka mboji" yakitumiwa kama vile ni neno moja. Ni maneno matatu, na kila moja linajibu swali lake.

"Cha mimea" linajibu swali la kimetoka wapi. Halisemi neno lolote kuhusu mwisho wake. Kampuni ya Braskem ya Brazil imekuwa ikitengeneza polithini kwa pombe ya miwa tangu mwaka 2010. Ni ya mimea kwa asilimia zote unazotaka, lakini ni polithini ileile, molekuli ileile. Ikitupwa ufukweni Shangani itakaa kama rambo litokanalo na mafuta ghafi. Na kinyume chake kipo pia: kuna plastiki iitwayo PBAT ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta ya petroli, lakini vijidudu huweza kuila ikiisha. Kuzaliwa shambani hakuifanyi plastiki ife shambani.

"Kinaoza" linajibu swali la je, vijidudu wanaweza kukila. Lakini neno hili likiachwa peke yake halina muda wala mahali. Hata ubao wa dau unaoza. Mwulize fundi wa Mikindani utamchukua miaka mingapi. Kuna watengenezaji waliolitumia neno hili kwa plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuifanya imeguke juani. Hiyo haiozi, inasagika. Inatoka kuwa mfuko mmoja unaoweza kuuokota na kuwa vipande elfu usivyoweza kuviokota. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za plastiki hiyo mwaka 2021.

"Kinageuka mboji" ndilo neno lenye sheria nyuma yake. Ulaya kuna kiwango kiitwacho EN 13432. Kinataka, pamoja na mengine, kwamba kifungashio kikiwekwa kwenye kituo cha kuivishia mboji kwa wiki 12, kisha mboji ikachekechwa kwenye matundu ya milimita 2, kisibaki zaidi ya asilimia 10 juu ya chekecheo. Na kwamba ndani ya miezi 6 asilimia 90 ya kaboni yake iwe imeliwa na vijidudu na kutoka kama hewa ya kaboni. Kipimo hicho hufanywa katika joto la nyuzijoto 58 hivi. Namba hiyo ishike, tutairudia.

Sisi Watanzania tumeshawahi kukwama kwenye maneno. Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mitaa ikabadilika kweli. Anayekumbuka miti ya pembeni ya barabara ya Mtwara kwenda Masasi ilivyokuwa imening'inizwa rambo za kila rangi hawezi kulibeza katazo lile. Ikaja mifuko mbadala, ile myepesi yenye vitundu vidogo kama kitambaa. Wengi tunaiita ya kitambaa. Chukua kipande chake ukisogeze kwenye kiberiti: hakitawaka kama pamba na kuacha majivu, kitajikunja, kitadondosha tone linaloganda kuwa shanga ngumu. Ni polipropilini. Ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa pamoja zikafanana na nguo. Ina faida yake, kwa kuwa ni imara na unaweza kuitumia mara nyingi, lakini ikishachoka inaingia mtaroni ikiwa plastiki. Sitaki tufanye hivyohivyo na vikombe, tubadilishe sura na jina halafu tuamini tumemaliza kazi.

Kutoka maziwa mgando hadi utando

Utando wa kile kikombe cha jani unaitwa PLA kwa kifupi. Ukitaka kuuelewa anzia kwenye maziwa. Maziwa yakiganda yanakuwa machachu, na uchachu ule ni asidi ya laktiki, ambayo mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga kutoka kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Vijidudu hula sukari, hutoa asidi hiyo. Sukari si lazima iwe ya maziwa. Inaweza kuwa ya miwa, au ya wanga uliovunjwa: wanga wa mahindi, au wa muhogo.

Kiwandani huchukua wanga, huugeuza sukari, huwapa vijidudu, hukusanya asidi, huisafisha, kisha huziunganisha molekuli zake moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi mpaka upatikane mnyororo mrefu. Mnyororo huo ndio plastiki. Kiwanda kikubwa cha NatureWorks huko Blair, Nebraska, Marekani, hutumia mahindi. Thailand, mjini Rayong, kuna kingine kilichofunguliwa mwaka 2018 kinachotumia miwa. Kwa hesabu tupu ya kikemia, kilo 1 ya PLA inahitaji kilo 1 na robo ya sukari ya glukosi, na kiwandani huhitajika zaidi ya hapo kwa kuwa hakuna kazi isiyo na upotevu.

Msomaji wa Newala au Nachingwea ataruka hapa: muhogo tunao! Tunao, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamekuwa wakishughulika na mbegu zake kwa miaka. Kwa upande wa kemia hakuna kizuizi. Lakini PLA haitengenezwi kwenye banda. Kuisafisha asidi na kuiunganisha ni kazi ya mitambo ya gharama kubwa inayoleta faida ikizalisha makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka. Na muhogo kwetu si malighafi iliyokosa mlaji. Mwaka ambao mvua zimegoma, makopa ndiyo yanayoivusha nyumba. Ningependa siku moja kuona kiwanda cha namna hiyo Kusini, lakini nisingependa kuona bei ya unga wa muhogo ikipanda kwa ajili ya kikombe kinachoshikwa mkononi dakika 10.

Sasa, kwa nini utando wangu haukuoza?

Mnyororo wa PLA ni mrefu mno kwa vijidudu kuumeza. Lazima kwanza ukatwekatwe, na anayeukata si kijidudu, ni maji. Maji hupenya katikati ya minyororo, hukata kiungo kimoja kimoja, na vipande vikishakuwa vifupi vya kutosha ndipo vijidudu huingia na kula. Hatua ya kwanza ndiyo yenye masharti. Katika joto la kawaida minyororo ya PLA imekaa imekakamaa, haichezi, na maji yanapata taabu kupenya. Inapofika nyuzijoto 55 hadi 60 hulegea. Ni kama chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya Julai: yameganda meupe, unaigeuza chupa juu chini hayatoki, unaiweka juani kidogo yanaanza kutembea. PLA haiyeyuki kama mafuta yale, lakini kulegea kwake ndiko kunakofungua mlango.

Hapa Mtwara hewa hucheza kati ya nyuzijoto 20 na 32, na udongo wa chini ya kivuli cha mkorosho haufiki mbali na hapo. Ningeweza kuuacha utando ule misimu kadhaa ya korosho na bado ningeukuta. Pale Uingereza, Chuo Kikuu cha London cha UCL kiliwaomba wananchi wafukie kwenye mboji zao za nyumbani plastiki zenye alama ya kuoza nyumbani, yaani zilizothibitishwa kwa masharti rahisi zaidi ya yale ya viwandani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba asilimia 60 hazikumalizika kuoza.

Hizo nyuzijoto 58 basi zinatoka wapi? Hazitoki kwenye jiko. Zinatoka kwa vijidudu wenyewe. Aliyewahi kuingiza mkono kwenye rundo kubwa la samadi mbichi anajua: ndani kuna moto. Vijidudu wakila hutoa joto, na rundo likiwa kubwa joto hilo halipati pa kutokea. Shimo langu lilikuwa dogo, kama beseni. Joto lake lilipotea kwa udongo wa pembeni kabla halijakusanyika. Rundo linahitaji angalau mita moja kila upande, mchanganyiko mzuri wa vitu vibichi na vikavu, unyevu, na kugeuzwa mara kwa mara ili hewa iingie. Kituo cha kuivishia mboji ni hilohilo rundo likifanywa kwa ukubwa na kwa vipimo.

Na dampo? Dampo la kisasa hufanya kinyume kabisa. Taka hushindiliwa na kufunikwa udongo ili zisitoe harufu wala nzi. Hewa hukosekana, na PLA iliyolala humo bila hewa wala joto hukaa tu. Karatasi yake ndiyo inayoweza kuvunda polepole na kutoa methani, ambayo ikipanda angani huongeza joto la dunia kuliko hewa ya kaboni.

Ufukweni

Bahari ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mitaro yetu yote mwisho wake ni huko. Mvua kubwa ikinyesha Mtwara, taka za siku nzima zinashuka na kesho yake unazikuta kwenye mikoko. Ndipo mtu anaposema: afadhali basi kikombe cha mimea, kikifika baharini kitayeyuka.

Hakiyeyuki. Watafiti wa taasisi ya Scripps, California, walizamisha vitambaa vya aina mbalimbali baharini. Vilivyotokana na mbao na pamba vilimalizika ndani ya mwezi mmoja hivi. PLA, baada ya siku 428, ilikuwa haijaonyesha dalili ya kuoza. Maji ya bahari ni ya baridi mno kwake. Gothenburg, Sweden, walifanya jaribio lingine mwaka 2023: waliloweka vikombe vya karatasi vyenye utando wa PLA na vikombe vya plastiki, kisha wakawakuza funza wa usubi kwenye maji na matope yaliyogusana navyo. Vyote viliwadhuru, vya PLA pia. Plastiki ya mimea nayo hutiwa kemikali za kuifanya istahimili joto na ikae sawasawa, na kemikali hizo hutoka.

Tangu mwaka 2021 kila kikombe cha kutupa chenye plastiki kinachouzwa nchi za Umoja wa Ulaya lazima kichapwe alama ya kuonya, na alama hiyo ina mchoro wa kasa. Utando wa PLA unahesabiwa humo; sheria yao inaiita plastiki kama nyingine. Nilipoiona mara ya kwanza niliwaza Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako kasa hupanda mchangani kutaga. Kwa wanywaji wengi kule Ulaya kasa ni picha tu kwenye kikombe. Kwetu anapita kwenye mchanga uleule ambao kikombe kimeangukia.

Zipo tando nyingine. Ipo familia iitwayo PHA, ambayo kuna vijidudu huitengeneza na kuiweka mwilini kama sisi tunavyoweka mafuta, akiba ya siku ya njaa. Maurice Lemoigne, mtafiti wa Ufaransa, aliitambua miaka ya 1920. Kwa kuwa ni chakula cha vijidudu tangu mwanzo, huoza kwenye udongo wa kawaida na hata baharini, na mimi naona hii ndiyo yenye matumaini kwa watu wa pwani. Bei yake bado ni kubwa kuliko ya PLA, sembuse polithini. Zipo pia rangi za maji zinazopakwa karatasi bila kuyeyusha plastiki, lakini nyingi zina chembe za plastiki ndani yake. Muuzaji akikwambia "hakina utando" muulize kimepakwa nini.

Kuna jambo dogo linalowahusu vijana waokota chupa. Vikombe angavu vya juisi baridi vinatengenezwa pia kwa PLA, na kwa macho havina tofauti na vya plastiki ya chupa za maji. PLA huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hadi 180, plastiki ya chupa inahitaji kama 250. Vikichanganywa kwenye mtambo, cha mimea kinaungua na kuchafua vyote. Anayekula hasara ni yule kijana aliyepima kiroba chake kwa kilo.

Finjani

Kikombe cha kutupa kilianza kwa nia njema, na nia yenyewe tunaielewa vizuri. Bibi zetu walikuwa na mtungi wa maji na kata ya kifuu juu yake. Aliyepita akiwa na kiu alichota, akanywa, akairudisha. Marekani nayo ilikuwa na kata yake ya bati kwenye treni na shuleni. Mwaka 1907 Lawrence Luellen akabuni kikombe cha karatasi, na mwaka 1909 jimbo la Kansas, kwa msukumo wa daktari Samuel Crumbine, likakataza kikombe cha kuchangia kwa sababu kilikuwa kikisambaza maradhi. Kwa hiyo siwezi kumcheka mtu anayekiogopa kikombe cha kijiweni. Tumeona kipindupindu.

Lakini twende kijiweni tutazame. Mzee anayetuuzia kahawa karibu na kivuko cha kwenda Msangamkuu ana dele moja la shaba, mkaa chini yake, sahani ya kashata, ndoo mbili, na finjani 12. Nilimwonyesha ule utando wa kwenye kamba. Akaushika juu ya mwanga, akaupuliza ukatuna kama puto.

"Mwanangu, hiki umekitoa ardhini?"

"Ndiyo mzee. Miezi mitano."

"Na hicho ndicho mnachosema kinaoza?" Akanirudishia, akashika finjani, akaimwagia maji ya moto kutoka kwenye dele la pili, akaisuuza, akaimimina. "Hii niliikuta kwa marehemu baba."

Mwaka 1994 mkemia wa Canada, Martin Hocking, alifanya hesabu ya nishati ya kutengeneza na kuosha vikombe. Alikuta kwamba kikombe cha kauri kinapaswa kutumiwa mara 39 ndipo kilingane na vikombe vya karatasi ambavyo kingevichukulia nafasi. Hesabu yake ilikuwa ya kikombe kikubwa kinachooshwa na mashine ya umeme. Finjani ni robo ya hicho, na huoshwa kwa mkono. Tukichukua hata ile 39 bila kupunguza, finjani inayojazwa mara 20 kwa siku inalipa deni lake siku ya pili jioni. Miaka yote inayofuata ni faida, mpaka iponyoke mtu mkononi.

Kuhusu usafi, tatizo la kijiweni ni ndoo ya kusuuzia, ile moja ambayo maji yake yanageuka rangi ya kahawa kufikia saa tatu. Maji yanayochemka yanaua vijidudu vya kipindupindu, na muuza kahawa ni mfanyabiashara mwenye maji ya moto mkononi kutwa nzima. Dele la pili la maji matupu, kama alivyofanya mzee huyu, linamgharimu mkaa kidogo. Halmashauri ikimsaidia kila muuza kahawa apate dele la pili na sehemu ya kupata maji safi, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko kumtafutia makontena ya vikombe vya jani.

Vikombe vinavyogeuka mboji vina mahali pake hata hivyo. Ni pale ambapo watu wamekusanyika sehemu moja, wanakula na kunywa, na taka zao zote zinabaki palepale mikononi mwa mtu mmoja: mkutano mkubwa wa wakulima msimu wa minada ya korosho, harusi ya watu mia nane, semina ya hotelini. Pale unaweza kukusanya vikombe pamoja na mabaki ya wali na maganda ya matunda, bila kuchambua, ukavipeleka vyote kwenye rundo la moto. Hapo ndipo utando wa PLA una faida ambayo polithini haina: hautakuachia uchafu kwenye mboji.

Ila rundo lazima litangulie. Soko letu kuu kila jioni hutoa majani ya mihogo, maganda, matunda yaliyooza, vichwa vya samaki. Sehemu kubwa ya mzigo ule ni chakula cha vijidudu tunachokipakia kwenye lori na kwenda kukishindilia dampo. Tukianza kuuivisha mzigo huo uwe mbolea ya bustani za mboga, tutakuwa na joto la bure, na siku hiyo kikombe cha jani kitakuwa na pa kwenda. Kuagiza vikombe kabla ya rundo ni kununua jahazi ukiwa Tandahimba, kusiko na bahari.

Nimerudia jaribio langu. Jirani mmoja wa njia ya Naliendele anafuga ng'ombe, na amenikubalia tutengeneze rundo kwenye kona ya zizi: samadi, nyasi kavu, maganda ya karanga, mabaki ya mgahawa. Limenifika kifuani. Nimeingiza humo kikombe kipya cha jani na ule utando wenye alama ya mkasi, vyote ndani ya kiroba cha katani ili nivipate, na kipimajoto kirefu cha chuma. Siku ya nne kilisoma 49. Jana, tulipomaliza kuligeuza na kulinyunyizia maji, mvuke ukawa unapanda kama wa sufuria ya ubwabwa, nikakichomeka tena katikati na kusubiri. Kilisimama kwenye 61. Tumeandika tarehe kwa chaki kwenye nguzo ya zizi, na tutafukua baada ya wiki 12.